Binti yangu wa miaka 13 apambwe kiasi gani kwenye sendofu?

Mama Cherehani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa kina mama wenye mabinti na wale mnaofanya kazi ya kupamba.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Tabata. Mdogo wangu wa mwisho anaagwa Jumamosi ya wiki ijayo, na binti yangu wa kwanza amechaguliwa kuwa mmoja wa wapambe sita. Ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Wenzake watano ni wakubwa, mdogo wao ana miaka 21. Magauni nimeshona mwenyewe, satini ya zambarau. La binti nimelifunga shingo kwa lesi nyeupe na mikono nimeishusha hadi kwenye kiwiko. Hilo halikuwa na ubishi.

Ubishi umekuja kwenye mekapu. Jumapili wapambe wote walikwenda saluni kufanyiwa majaribio. Mimi nilikuwa na nguo za watu, sikwenda. Jioni nasikia mlango unasukumwa, nainua kichwa kwenye cherehani, nikamwona mtu nikasema "karibu dada." Kumbe ni mwanangu.

Nyusi zimechorwa, zimenyooka kama zimepigwa rula. Kope za bandia ndefu mpaka akipepesa macho unaona kivuli chake shavuni. Mashavu yamechongwa kwa poda ya kahawia, mdomo umepakwa ile rangi ya damu ya mzee. Alikuwa mzuri, sisemi uongo. Lakini alikuwa mzuri kama mwanamke wa miaka 25. Akanisimulia kwa furaha kwamba kituoni konda alimwita "sista" na kijana mmoja akamwomba namba ya simu. Yeye anacheka, mimi tumbo linanikaza.

Baba yake akatoa amri: asipakwe chochote, anawe uso aende. Binti akalia mpaka akalala bila kula. Aliniambia neno moja ambalo bado linanizunguka kichwani: "Mama, kwenye picha nitaonekana kama nimeingia sherehe ya watu." Na mdogo wangu naye kakasirika, anasema picha hizi ni za maisha.

Hayajaisha. Kwenye begi lake nimekuta kopo jeupe la krimu lisilo na jina, rafiki yake kampa "lisafishe uso" kabla ya siku. Nimelichukua. Mama yangu katuma wanja wa manga kutoka Pangani, anasema huo unatosha, ndio waliopakwa wao. Na kuna anayetaka binti achorwe piko mikononi.

Sasa ninyi mnasemaje? Kipi apakwe, kipi asipakwe, na nimwambieje mpambaji ambaye kamati imeshamlipa?

Shangazi wa Moshi

Mimi niko na baba yake. Nimelea wasichana watatu, rangi ya mdomo ilianza kuonekana nyumbani kwangu baada ya mtihani wa kidato cha nne. Kabla ya hapo ni nywele zilizosukwa vizuri, mafuta ya mgando mdomoni, kucha safi. Hakuna aliyekosa mume kwa ajili hiyo.

Lakini hilo kopo jeupe usiishie kulichukua. Kaa naye umuulize ni nani alimwambia uso wake ni mchafu. Mimi wa pili wangu aliambiwa na watoto wa darasa lake kwamba amekuwa mweusi, akawa anajificha bafuni na sabuni. Nilijua baada ya miezi.

Mpambaji Sinza

Mama Cherehani pole, na asante kwa kuuliza kabla, maana kina mama wengi hunifuata siku yenyewe, mtoto ameshakaa kwenye kiti na gari la maharusi linapiga honi nje. Hii ni kazi yangu mwaka wa 14 sasa. Nimepamba maharusi wengi, na karibu kila harusi ina mtoto mmoja wa umri wa binti yako.

Kwanza nikueleze kwa nini ulishtuka. Mekapu ya jioni haitengenezwi kwa ajili ya mwanga wa sebuleni kwako. Inatengenezwa kwa ajili ya ukumbi. Taa za kumbi zetu siku hizi ni za bluu na zambarau, na ngozi nyeusi chini ya taa hizo inageuka kijivu, kama mtu aliyetoka kuumwa. Ndio maana tunaweka rangi ya chungwa chini ya macho kabla ya konsila (krimu ya kufichia madoa), tunazidisha wekundu wa mashavu, tunakoza mdomo. Na kamera nayo inakula rangi. Kwa hiyo uso unaoonekana vizuri saa tatu usiku jukwaani, saa kumi na moja jioni kwenye kituo cha daladala lazima utashtua. Bibi harusi anajua hilo, ndiyo sababu anatoka saluni na kuingia kwenye gari. Mtoto wako alitembezwa nao barabarani. Hilo ni kosa la sisi wapambaji, tungemnawisha kabla hajatoka.

Pili, kilichomfanya aonekane wa miaka 25 si wingi wa vitu, ni vitu vinne. Uso wa miaka 13 bado una nyama laini ya mashavu na mfupa haujajitokeza. Ukipaka poda ya kahawia chini ya shavu, ile tunayoiita kontua, unauchora mfupa ambao haupo, hapo hapo umemwongezea miaka. Nyusi za mtoto zina vinyweleo vinavyokaa ovyo kidogo, ukizinyoosha kwa penseli umemwongezea mingine. Kope za bandia ni za tatu. Mdomo wa rangi nzito ni wa nne. Viondoe hivyo vinne, mtoto anarudi.

Mimi wa umri huo namfanyia hivi. Asubuhi anaoga, ananawa uso kwa sabuni isiyo kali, anapaka mafuta mepesi yasiyo na harufu. Akifika kwangu simpaki fandesheni. Kama ana chunusi mbili tatu na zinamuumiza roho, nachukua konsila kidogo sana kwa kidole, nagusa pale pale penye doa tu, halafu poda laini kwenye pua na paji la uso kwa sababu ya jasho la Dar. Nyusi nazichana kwenda juu kwa brashi yenye jeli isiyo na rangi. Sitindi hata unywele mmoja. Kwenye mashavu naweka wekundu kidogo wa krimu, nausambaza mpaka mwenyewe hajui nimeanzia wapi. Mdomoni mafuta ya kung'aa yenye rangi ya waridi au kahawia ya midomo yake mwenyewe. Basi. Dakika kumi.

Na kuna kitu cha tano ambacho ndicho kikubwa kwake kuliko vyote: namkalisha kwenye kiti kile kile wanachokalia wakubwa, namfunga kitambaa shingoni, naweka brashi zote mezani, namuuliza anapenda nini. Mtoto hataki kope, anataka kiti. Ukimwambia "wewe kanawe uso usubiri kule" ndipo anapolia.

Kuhusu poda, mwambie mpambaji wako aangalie asitumie ile nyeupe ya silika nyingi, wala asimpake kwanza mafuta ya kujikinga na jua yenye zinki au titani. Mwanga wa flashi ukigonga hapo unarudi, picha inatoka uso mweupe kama uliopakwa unga wa muhogo na shingo nyeusi. Nilishamharibia mtu picha namna hiyo mwaka wangu wa pili, bibi harusi mzima. Nilimwomba msamaha na pesa nikarudisha, lakini picha zile ndizo alizo nazo. Tangu siku ile kila uso nikimaliza naupiga picha kwa flashi ya simu kwanza, gizani, kabla mtu hajainuka.

Wanja wa manga: najua bibi katuma kwa mapenzi, na usimrudishie kwa maneno makali. Lakini wanja wa jadi mwingi husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, yale mazito. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaumiza ubongo unaokua, na mtoto anajipangusa macho halafu analamba kidole. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, hairuhusu kabisa wanja wa namna hiyo kuuzwa kama kipodozi. Uweke kabatini kama kumbukumbu. Akitaka mstari mwembamba jichoni, penseli mpya iliyofungwa, ya kwake peke yake.

"Ya kwake peke yake" nalikazia. Mwanzoni mwa 2024 yale macho mekundu yalipoenea hapa Dar mpaka Zanzibar na Mombasa, mimi nilitupa maskara zote zilizokuwa wazi mezani kwangu. Maskara ikifunguliwa haifai kuzidi miezi mitatu hadi sita, na haifai kabisa kuzunguka macho ya wapambe sita. Nenda na yake.

Kopo jeupe sasa. Kopo lisilo na jina ndio mkorogo wenyewe. Humo huwekwa haidrokwinoni, au zebaki, au dawa kali za ngozi ambazo daktari tu ndiye wa kuziandika, na hujui kipi kimezidi. Zebaki inaharibu figo. Vyote hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na wanaosimamia vipodozi tangu Julai 2019 ni TBS, Shirika la Viwango. Mimi huwa naona matokeo kabla ya daktari: bibi harusi anakaa kwenye kiti, nagusa shavu kwa sponji yenye maji tu, anasema "inachoma." Hapo najua. Ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vifundo vya vidole vyeusi. Mtoto wa miaka 13 akianza leo, akifika kwenye harusi yake mwenyewe sitakuwa na ngozi ya kupaka.

Bi Asumini, Ng'ambo

Assalaam aleikum. Mie niko Unguja, nataka kusema la piko tu, mengine dada wa Sinza kamaliza.

Mwaache mtoto asichorwe piko. Asichorwe kabisa. Watu wanaliita "hina nyeusi" lakini hina nyeusi haipo duniani. Hina ni jani. Ukiipaka inataka masaa, ukiibandua ni rangi ya chungwa, ikilala usiku ndio inakoza kuwa kahawia. Kitu kinachokuwa cheusi tititi kwa nusu saa ni dawa ya nywele, ile ya unga wa kwenye kichupa, watu wanaikoroga na kuichora kwenye ngozi. Ndani yake mna kitu kinaitwa PPD. Maboksi ya rangi za nywele yanaandikwa mtu ajipime kwanza kidogo asubiri masaa 48, na Umoja wa Ulaya wameikataza kwenye ngozi, wameiruhusu kwenye nywele tu, tena isipite asilimia 2.

Mie nilichorwa nikiwa na miaka 14, harusi ya dada yangu. Ua moja kutoka kwenye kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo. Siku ya tatu likaanza kuwasha. Siku ya tano ua zima limefura, kila jani lengelenge la maji, umbo lile lile kama alivyolichora. Sasa nina miaka 41, ukiuweka mkono wangu kwenye jua unaliona ua mpaka leo, ngozi yake nyeupe kidogo. Na sijaweza kupaka rangi nywele zangu tangu wakati huo, nikijaribu kichwa kinafura mpaka macho yanafunga. Mwili ukishaikataa dawa hiyo umeikataa maisha.

Akitaka pambo mkononi, mnunulieni hina ya unga, mkoroge wenyewe nyumbani kwa maji ya ndimu, mchore nyota moja kiganjani. Zamani kwetu mwari hakuwa akipambwa kwa hina ya mikono na miguu mpaka siku yake. Bibi yangu alikuwa akisema ukila karamu yako leo, siku yako utapika nini. Tulikuwa tunapewa kikuba cha asumini na rihani tukibane kwenye nguo, na tukifika mahali watu wanajua wasichana wameingia kabla hawajatuona. Mjaribu hilo la asumini. Lina raha yake na halimzidishii mtoto umri.

Mwaka wa Pili UD

Shikamooni. Mimi ndiye mdogo humu labda, nina miaka 20, nilikuwa bweni kwa miaka minne. Naomba niseme kwa upande wa binti.

Kwetu mama alikataza kila kitu kabisa. Sikuacha, nilijificha. Tulikuwa na lipstiki moja bwenini, tunapaka wasichana tisa Jumamosi kabla ya muziki, tunaifuta kwa karatasi ya daftari. Niliwahi kupata vidonda vya mdomo vilivyonisumbua muhula mzima, na sikuweza kumwambia mama kwa sababu kumwambia kidonda ni kumwambia lipstiki. Hilo ndilo lililoniumiza, zaidi ya kidonda.

Mama Cherehani, mwanao alirudi nyumbani na uso ule bila kuunawa njiani na akakusimulia ya konda. Tafadhali usimwadhibu kwa hilo, maana siku akiacha kukusimulia hutajua.

Mama Cherehani (mleta mada)

Nimesoma yote mara mbili. Hilo la mwisho limenitoa machozi. Nilikuwa sijalitazama hivyo.

Kopo jeupe nimeshaliongelea naye. Shangazi ulikuwa kweli, ni maneno ya mtu: mmoja wa wapambe wakubwa alimwambia kwenye majaribio kwamba "ataharibu picha kwa weusi." Nimelisikia nikakaa kimya muda mrefu. Baba yake alipoambiwa ndiye aliyebadilika. Alimwita sebuleni, akamwambia rangi hiyo ni ya bibi yake mzaa baba, akamtolea ile picha ya zamani ya bibi akiwa na khanga mbili mlangoni. Sikujua kama anaijua ilipo.

Swali moja kwa dada wa Sinza: kucha je? Na kumtoa mekapu usiku, tunarudi saa nane.

Mpambaji Sinza

Kucha za kubandika hapana, gundi yake inanyofoa kucha ya mtoto. Rangi nyepesi ya kupaka sawa, ataifuta Jumapili asiende nayo shule. Kumtoa: mafuta ya nazi kwenye pamba, pitisha polepole, halafu anawe kwa sabuni yake. Hata kama anasinzia, msimamishe bombani. Poda ikilala na jasho, Jumatatu ana chunusi.

Na mpambaji wako mpigie leo, usingoje Jumamosi. Mwambie: "Huyu wa sita hana fandesheni, hana kope, hana kontua, nyusi usiguse." Maneno hayo hayo. Ukisema "mpake kidogo tu" kila mtu ana kidogo chake. Ukiweza kaa pale akipakwa.

Mama Cherehani (mleta mada)

Wapendwa nimerudi kutoa mrejesho, nina usingizi lakini nimeona nisiwaache hivi hivi.

Nilifunga cherehani saa sita mchana nikaenda naye. Mpambaji kwanza hakufurahi, alisema kamati imelipia sura sita. Nikamwambia hiyo ya sita ni hii. Akamkalisha kwenye kiti, akamfunga kitambaa, akamuuliza anapenda waridi au kahawia. Binti akachagua kahawia, akajaribishwa zote mbili kwenye mgongo wa mkono. Alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Dakika kumi na mbili, nilihesabu.

Pia nilikuwa nimetafuta asumini, nikapata kwa mama mmoja anayelima uani kwake Buguruni. Nilizitunga kwa sindano na uzi, nikazishikiza ndani ya lesi ya shingo. Wapambe wote wakaanza kumnusa, na yule aliyesema maneno ya weusi ndiye aliyeniomba nimshonee na yeye kidogo. Nikamshonea.

Picha zimeanza kuja. Kuna moja wakiingia ukumbini wanacheza, taa za bluu kweli kama ulivyosema. Wakubwa wanang'aa kama nyota wa filamu na wanastahili, ile ilikuwa jioni yao. Yeye wa mwisho kwenye mstari ana uso wa mtoto aliyeshika hatua vizuri na hataki kuikosea. Mama yangu ameiangalia simuni, akauliza wanja uko wapi, halafu akasema "basi hivyo hivyo."

Saa nane usiku nilimnawisha kwa mafuta ya nazi, pamba ilitoka karibu safi. Leo asubuhi magauni yote sita yamerudi kwangu kufuliwa. Kola za satini za wale watano zina fandesheni ya rangi ya chungwa, imeingia mpaka kwenye mshono. Lesi nyeupe ya binti ina madoa ya utomvu wa asumini tu.

Dada wa Sinza, hiyo fandesheni kwenye satini inatolewa kwa kitu gani? Nimejaribu sabuni ya mche kwenye pindo la ndani, imepungua ila haijaisha. Na nitumie ujumbe wa pembeni, kuna binti wa shemeji yangu anaolewa Desemba, nimeshamwambia kiti ni chako.